Tembo Anajipozaje Kwenye Joto Kali? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu zaidi tembo wa savana wa Afrika, kwa kuwa ndiye anayekaa juani muda mrefu. Pale tembo wa msituni au wa Asia anapotofautiana naye, imetajwa. Hesabu zimefanywa kwa tembo mzima wa tani 4.

Kwa nini joto limsumbue tembo kuliko swala au mbuzi?

Ni kwa sababu ya ukubwa wake. Joto huzalishwa na mwili mzima, lakini sehemu kubwa hutoka nje kupitia ngozi. Mnyama akikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, ngozi yake huongezeka mara 4, ilhali mwili wenyewe huongezeka mara 8. Kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa, ndivyo kila kilo ya mwili wake inavyobaki na ngozi haba ya kutolea joto.

Tembo wa tani 4 aliyesimama tu huzalisha takribani wati 1,700 za joto. Kilo kwa kilo, hiyo ni kama theluthi ya kile anachozalisha binadamu, maana mwili mkubwa huunguza chakula polepole. Lakini ngozi aliyonayo kwa kila kilo ni kama robo ya tuliyonayo sisi. Matokeo yake, kila mita mraba ya ngozi ya tembo inabeba mzigo wa joto unaokaribia mara moja na nusu ya ule unaobebwa na ngozi yetu, na hapo bado hajapiga hatua hata moja.

Kisha kuna jua. Saa sita mchana, kukiwa hakuna wingu, jua hushusha hadi wati 1,000 hivi kwa kila mita mraba ya ardhi. Kichwa, mabega na mgongo wa tembo ni mita mraba kadhaa. Hata ukiondoa mwanga unaorudishwa na ngozi, joto la jua linaweza kuzidi lile ambalo mwili wake unazalisha wenyewe. Wengi wanaozungumzia masikio husahau jambo hili: tembo anaposogea chini ya mti mkubwa, mzigo wake hupungua zaidi ya nusu kabla sikio halijatikiswa.

Joto la kawaida la mwili wake ni kiasi gani?

Ni kati ya nyuzi 36 na 37 za Selsiasi, chini kidogo ya letu. Linapanda na kushuka kwa chini ya nyuzi 1 hadi nyuzi 1 na kitu ndani ya siku, likiwa chini kabisa alfajiri na juu kabisa jioni. Likifika nyuzi 38 kwa mnyama ambaye hakuwa akikimbia, hiyo ni alama ya kuchunguza.

Masikio yanapozaje mwili wote?

Masikio mawili ya tembo wa savana, ukihesabu mbele na nyuma, ni karibu moja ya tano ya ngozi yake yote. Sikio moja la dume kubwa huweza kufika mita 1.8 kutoka juu hadi chini. Karibu na shavu ni nene, ila linapungua unene kuelekea ukingoni hadi kubaki milimita chache, na upande wa nyuma kumejaa mishipa ya damu unayoiona kwa macho ikiwa imetuna kama mizizi chini ya ngozi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mwili ukipata joto, mishipa inayopeleka damu sikioni hutanuka. Damu ya moto kutoka kifuani husambaa kwenye bamba hilo jembamba, ikawa imetenganishwa na hewa kwa ngozi nyembamba tu. Maji ya moto yaliyomwagwa kwenye sinia pana hupoa upesi kuliko yaliyobaki kwenye sufuria, na sikio ndilo sinia la tembo. Damu hurudi kifuani ikiwa imepungua nyuzi kadhaa. Hewa ikipoa, mishipa ileile hubana, sikio linakuwa baridi karibu sawa na hewa, na joto linabaki mwilini.

Kupepea kuna faida yake ya ziada. Hewa iliyogusana na sikio hupata joto na kuganda pale kama blanketi jembamba, na kila pepeo huifukuza na kuleta hewa mpya. Ndiyo maana upepo ukivuma, tembo wengi huacha kupepea, wakageuka na kutanua masikio tu ili upepo ufanye kazi hiyo bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulikadiria kwamba kwenye hewa ya wastani, kutanuka kwa mishipa pamoja na kupepea kunaweza kutosha kuondoa joto lote analozalisha tembo aliyetulia.

Basi masikio yanatosha?

Kwenye hewa ya nyuzi 20 na kitu, karibu yatosha. Hewa ikipanda kuelekea nyuzi 36 hayatoshi, na ikizidi hapo yanaweza hata kumdhuru.

Joto huenda kutoka palipo na moto zaidi kwenda palipo na baridi zaidi. Sikio linapoza kwa sababu hewa ni baridi kuliko damu. Tofauti hiyo ikipungua, kupepea kunaleta faida ndogo. Hewa ikiwa na nyuzi 40 na sikio ni kavu, kupepea kunaleta hewa ya moto kwenye damu ya baridi, yaani tembo anajipasha moto kwa nguvu zake mwenyewe. Kuanzia hapo njia pekee iliyobaki ni maji yanayokauka juu ya ngozi. Ukimwona tembo anarusha maji nyuma ya masikio kisha anayapepea yakiwa yamelowa, anatumia mbinu zote mbili kwa pamoja.

Jambo jingine ambalo picha nyingi za vitabuni hazisemi: masikio si madirisha pekee ya joto. Mwaka 2010 watafiti walichapisha vipimo vya kamera za joto walizowaelekezea tembo wa Afrika katika bustani ya wanyama ya Vienna. Waliona mabaka ya moto yakitokea sehemu mbalimbali za mwili, na mabaka hayo yaliongezeka na kupanuka kadiri hewa ilivyopata joto. Tembo hufungua damu kwenye vipande vya ngozi hapa na pale mwili mzima.

Tembo hutoka jasho?

Si kama sisi. Ngozi yake haina tezi za jasho isipokuwa karibu na kucha, katikati ya vidole. Unyevu unaoonekana kuzunguka kucha siku ya joto unatoka huko, lakini ni kidogo mno kupoza mwili mzima.

Hata hivyo ngozi ya tembo si kavu kabisa kama wengi wanavyodhani. Maji hupenya polepole kutoka ndani na kukauka juu, na kiasi hicho huongezeka hewa inapopata joto. Lita 1 ya maji ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwa hesabu hiyo, lita 2 na nusu kwa saa zinaweza kubeba joto lote la tembo aliyetulia kivulini. Si maji mengi kwa mnyama wa tani 4, lakini akisimama juani au akitembea mahitaji hupanda mara moja, na maji hayo sharti yarudishwe.

Majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio si jasho. Yanatoka kwenye tezi za mashavuni, ambazo kazi yake ni harufu na mawasiliano, hasa kwa madume wakati wa kutafuta majike.

Zile nyufa kwenye ngozi ni za nini?

Ni za kushika maji. Tembo wa savana ana makunyanzi makubwa unayoyaona kwa mbali, na ndani yake ana mtandao wa nyufa ndogo sana kwenye tabaka la juu la ngozi. Maji na tope huingia humo na kusambaa kwa kuvutwa na wembamba wa nyufa zenyewe, hata kupanda kwenye ubavu uliosimama wima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2018 kwamba ngozi ya namna hii hushika maji mara 5 hadi 10 zaidi ya ngozi laini.

Nyufa hizo hutokea kwa kuvunjika. Ngozi ya juu ya tembo haibanduki kwa urahisi kama yetu, hujikusanya na kuwa nene. Chini yake kuna vijinundu vidogo, na tabaka hilo nene likipindwa kwenye mabonde ya vijinundu hivyo hupasuka. Mtoto aliyezaliwa karibuni hana mtandao huu, unakuja kadiri ngozi inavyonenepa. Tembo wa Asia ana makunyanzi, lakini hana nyufa hizi kwa kiwango hicho.

Tatizo ni kwamba nyufa hazina faida bila maji. Ngozi kavu yenye nyufa ni ngozi kavu tu, na tembo asiyepata mahali pa kuoga anapoteza moja ya vifaa vyake vikubwa.

Maji au matope, kipi kinapoza zaidi?

Maji hupoza haraka, tope hupoza kwa muda mrefu. Tembo akitoka mtoni, maji mengi hutiririka chini na yanayobaki juu ya mgongo hukauka upesi. Tope la mfinyanzi hushikilia maji ndani yake, likayaachia kidogokidogo, na kwa hiyo upoozaji huendelea akiwa ameshaondoka dimbwini. Likikauka linabaki kama ganda: linazuia miale ya jua isifike ngozini, linazuia nzi na kupe, na tembo akijikwangua kwenye mti linatoka pamoja na wadudu waliokwama.

Utaratibu wa kawaida ni kunywa kwanza, kisha kuoga au kugaagaa kwenye tope, na mwisho kujimwagia vumbi. Vumbi juu ya ngozi iliyolowa hunata na kuongeza unene wa ganda. Vumbi juu ya ngozi kavu ni mwavuli wa jua na kinga ya wadudu, lakini halipozi, kwa kuwa hakuna kinachokauka. Rangi ya tembo unayoiona hutokana na hayo: wale wa Tsavo huonekana wekundu kwa sababu ya udongo wa huko, na chini ya udongo huo ni wa kijivu kama wengine.

Si kila tope linafaa. Mchanga mtupu hudondoka mara unapokauka, na tope jepesi mno huondoka na maji. Linalopendwa ni zito la mfinyanzi linalonata, na lenye kina cha kumwezesha mnyama kulala ubavu.

Nywele chache alizo nazo zinasaidia au zinamzidishia joto?

Zinasaidia kupoza, ingawa inashangaza. Manyoya mengi hufungia hewa na kuhifadhi joto. Nywele zikiwa chache na mbalimbali haziwezi kufungia chochote, kila moja inasimama peke yake na kutoa joto kutoka ngozini kwenda kwenye hewa ya juu kidogo, inakopita upepo. Hesabu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, zilizochapishwa mwaka 2012, zilionyesha ongezeko la upoozaji la zaidi ya asilimia 5 kwa kawaida, na zaidi ya asilimia 20 hewa ikiwa karibu imetulia, yaani pale hasa msaada unapohitajika.

Ni kweli anaweza kutoa maji tumboni na kujimwagia?

Karibu kweli. Kwenye koo, nyuma ya shina la ulimi, tembo ana kifuko kinachoweza kuhifadhi maji kiasi. Kwenye joto kali na mbali na kisima huonekana akiingiza mkonga ndani kabisa ya mdomo, akavuta, kisha akanyunyizia kifua na nyuma ya masikio. Yanayotoka ni lita chache tu, na mara nyingi yamechanganyika na makapi ya majani. Yakielekezwa masikioni, penye damu nyingi karibu na ngozi, hata hizo chache zina faida.

Kwa siku moja anahitaji maji kiasi gani?

Tembo mzima hunywa kati ya lita 100 na 200 kwa siku, na anaweza kuzidisha akiwa amekaa siku mbili bila kunywa. Mkonga huvuta lita kadhaa kwa mara moja, kisha huzimimina mdomoni. Hanywi kwa mkonga kama mrija moja kwa moja hadi tumboni.

Kunywa ni nusu ya hesabu, nusu nyingine ni kupoteza. Utafiti uliofanywa katika bustani ya wanyama ya North Carolina, Marekani, uliona madume wa tembo wa Afrika wakipoteza lita zaidi ya 300 kwa siku za baridi na zaidi ya 400 siku za joto, ikihesabiwa mikojo, kinyesi, pumzi na ngozi. Hiyo inaweza kufika asilimia 10 ya maji yote ya mwilini kwa siku moja. Sehemu ya maji hayo hurudi kupitia majani mabichi, na hapa ndipo kiangazi kinapouma: majani yanakauka wakati uleule ambao ngozi inadai maji zaidi. Mito inapokauka juu, tembo huchimba kwa miguu na mkonga kwenye mchanga wa mto hadi maji yajitokeze chini.

Kwa nini mchana wanasimama tu, wakati wanahitaji kula kilo nyingi?

Kwa sababu saa za mchana ni ghali kwao. Kuanzia kama saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, tembo wenye nafasi husimama kivulini au karibu na maji, na sehemu kubwa ya kula na kutembea huifanya asubuhi, jioni na usiku.

Kuna mbinu nyingine isiyoonekana: kuweka joto akiba. Tembo wa tani 4 anahitaji kilojuli 14,000 hivi ili mwili wake wote upande nyuzi 1. Hilo ni joto analozalisha kwa zaidi ya saa 2 akiwa ametulia. Akiliacha lijikusanye mchana na kulitoa usiku hewa ikiwa baridi, ameokoa karibu lita 6 za maji ambayo angeyakausha juu ya ngozi. Tembo wa Asia waliopimwa nchini Thailand walionyesha mtindo huo: joto la mwili lilipanda mchana na kushuka chini zaidi usiku kuliko la wenzao wa nchi za baridi.

Akiba hiyo ina mwisho. Utafiti wa mwaka 2013 kuhusu tembo wa Asia waliotembezwa juani uliona kwamba zaidi ya nusu ya joto la mazoezi, na wakati mwingine karibu lote, lilibaki ndani ya mwili. Watafiti walikadiria kwamba kuendelea hivyo kwa saa 4 bila kupumzika kunaweza kuua. Kwa anayewafanyisha tembo kazi au kuwasafirisha, hii ndiyo tarakimu ya kukumbuka kuliko zote. Na usiku wenye joto ni hatari kuliko unavyoonekana, kwani tembo asiyeweza kupoa usiku huianza siku inayofuata akiwa na deni.

Mtoto wa tembo je?

Mtoto ni mdogo, kwa hiyo hutoa joto haraka kuliko mama yake, lakini pia hulipokea haraka na hukaukiwa upesi. Hana nyufa za kutosha za kushika tope, na miezi ya kwanza hajui kuutumia mkonga kujimwagia maji. Anategemea kivuli cha wakubwa, na hapa ni kivuli hasa: hutembea chini ya tumbo la mama au upande ule usio na jua, na kundi likisimama hulala chini akiwa amezungukwa na miguu. Mtoto yatima anayelelewa na watu amekosa vyote hivyo, kwa hiyo hupakwa mafuta ya kukinga jua kwenye masikio na kufunikwa au kusimamiwa kwa mwavuli mchana.

Mbona tembo wa Asia na wa msituni wana masikio madogo, nao wako nchi za joto?

Wanaishi zaidi chini ya miti. Mzigo wa jua ukishaondolewa na matawi, haja ya sikio kubwa inapungua, na sikio pana kwenye kichaka kizito hukwaruzwa na kuchanwa. Ila msitu una unyevu mwingi hewani, na unyevu unazuia maji yasikauke ngozini. Nyuzi 32 za msituni zinaweza kumlemea tembo kuliko nyuzi 36 za nyika kavu yenye upepo.

Wale wa jangwani wanaishije?

Tembo wa kaskazini-magharibi mwa Namibia, kwenye mabonde ya mito kama Hoanib na Hoarusib, na wale wa Gourma nchini Mali, si aina tofauti. Ni tembo wa savana waliojifunza ratiba kali: kufuata mito mikavu yenye miti, kukaa siku kadhaa bila kunywa, kusafiri usiku umbali mrefu kati ya kisima na kisima. Majike wazee ndio wanaojua maji yako wapi. Kundi likipoteza mzee wa namna hiyo, linapoteza ramani.

Dalili za tembo aliyezidiwa na joto ni zipi?

Kwanza hugoma kutembea. Hupepea masikio bila kupumzika hata akiwa kivulini, hupeleka mkonga mdomoni mara kwa mara, pumzi zinaongezeka. Tembo aliyesimama kwa utulivu hupumua mara 4 hadi 12 kwa dakika. Ukihesabu zaidi ya hapo kwa mnyama asiyekimbia, kuna tatizo. Baadaye huja kuyumba, kuegemea mti au ukuta, na kulala chini saa isiyo yake. Akifika hapo daktari wa wanyama anahitajika mara moja.

Wakati daktari anasubiriwa, wahudumu waliozoeana na mnyama huyo wafanye yafuatayo, kwa mpangilio huu:

1. Msogeze kivulini penye upepo. Akikataa kutembea, usimlazimishe. Leta kivuli alipo.
2. Kabla ya kumwelekezea mpira wa maji, mwaga chini maji ya mwanzo. Mpira uliolala juani huwa na maji ya moto kabisa.
3. Lowesha nyuma ya masikio kwanza, kisha mbele yake, halafu kifua, tumbo na katikati ya miguu. Mgongo uje mwisho, kwa kuwa ngozi yake ni nene na damu iko mbali.
4. Endelea kulowesha kila yanapokauka, na tumia feni au upepo. Kumlowesha mara moja na kumfungia kwenye banda lisilopitisha hewa ni kosa linalorudiwa sana: hewa inajaa unyevu, maji hayakauki, joto halitoki.
5. Mpe maji ya kunywa kama anaweza kumeza mwenyewe. Usimmiminie mdomoni aliyelala.

Nitapimaje joto la mwili wa tembo?

Njia rahisi na salama ni kinyesi. Donge la kinyesi cha tembo ni kubwa, na katikati yake hubaki na joto la ndani ya mwili kwa dakika kadhaa. Chagua donge zima lililoanguka muda huohuo, usichukue lililopasuka. Chomeka kipimajoto chenye ncha ndefu hadi katikati kabisa, subiri tarakimu iache kupanda, andika ile ya juu kuliko zote. Pima madonge 2 au 3 ya mara hiyohiyo. Makosa hutokea ncha inapobaki karibu na ganda la nje, donge linapokaa juani, au mpimaji anapochelewa. Kamera ya joto haifai kwa kazi hii. Inaonyesha ngozi, na ngozi ya tembo hubadilika kila mishipa inapofunguka na kubana.

Tembo akilazwa kwa dawa ili avishwe kola (mkanda wa shingoni wa kumfuatilia), joto linadhibitiwaje?

Kazi hupangwa asubuhi na mapema. Aliyelazwa hawezi kupepea masikio, kwenda kivulini wala kujimwagia maji, na mara nyingi amekimbia kabla ya kuanguka, kwa hiyo tayari ana joto la ziada. Akianguka kifudifudi husukumwa haraka alale ubavu, vinginevyo uzito wake unabana mapafu. Sikio la juu hukunjwa juu ya jicho kulikinga na jua, likishamwagiwa maji mengi upande wa nyuma uliofunuka. Kijiti kifupi huwekwa kwenye ncha ya mkonga ili tundu zisizibe, maana anapumua kwa mkonga. Maji humwagwa masikioni na mwilini muda wote. Joto likipanda mfululizo, kola inaachwa na dawa ya kumwamsha inachomwa.

Kwa tembo anayefugwa, mambo gani hukosewa zaidi?

Kivuli kidogo. Kivuli kinachotosha nusu ya kundi ni kivuli cha wakubwa tu, wadogo watafukuzwa. Kinapaswa kutosha wote kwa wakati mmoja, na kupimwa saa tisa alasiri, jua likiingia kwa pembeni, wala si saa sita pekee. Paa la bati lililo chini hugeuka kuwa jiko; liinuliwe juu na pembeni pawe wazi. Sakafu ya saruji iliyopigwa jua mchana hutoa joto hadi usiku, saa ambazo mnyama alipaswa kupoa.

Dimbwi la tope liwe na njia mbili za kutokea, kwa kuwa tembo mnyonge haingii mahali anapoweza kuzibiwa njia. Tope lichimbuliwe na kubadilishwa, linachafuka kwa mkojo na kinyesi. Na minyororo mifupi juani haina utetezi wowote: inamnyima mnyama kivuli, maji na mwendo kwa mara moja.

Baridi inamdhuru?

Ndiyo, na huanzia palepale penye faida wakati wa joto. Ncha za masikio ni nyembamba na zinaweza kuungua kwa baridi ya barafu. Mamothi wa manyoya, jamaa wa tembo walioishi nchi za baridi, walikuwa na masikio madogo na nywele nyingi.

Ukame unaua tembo kwa joto au kwa njaa?

Kwa vyote, vikishikana. Tembo hukusanyika kwenye visima vichache, malisho ya karibu yanaisha, na ili apate chakula inabidi atembee mbali zaidi, mara nyingine juani. Kenya ilitangaza vifo vya tembo 205 kati ya Februari na Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali. Wanaotangulia kufa huwa ni watoto na wazee.

Nikimwona anapepea masikio, nijuaje kwamba anajipoza na si hasira?

Angalia mwendo na mkao. Anayejipoza hupepea polepole kwa mdundo mmoja, kichwa kikiwa chini au kawaida, anaendelea kula au kusinzia, wala hakutazami. Anayeonya hutanua masikio kabisa na kuyaacha yamesimama, huinua kichwa, hukugeukia uso kwa uso, na mara nyingi hutikisa kichwa hadi masikio yapige shingoni kwa kishindo. Ukiona hayo, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, au kama uko ndani ya gari, mwachie njia ya kwenda kwenye maji au kivuli. Magari yanayoziba njia ya kisimani saa saba mchana ni chanzo cha hasira nyingi zinazoelezwa kuwa hazina sababu.